Bega Nililolinyamazia

Kosa ni langu, wala simtafutii mtu lawama. Bega hili nimeliua mwenyewe!

Nilikuja Birmingham, Uingereza, kutoka Kisumu, Wahindi wengi wa Kenya tulipokuwa tukihamia huku. Nilikuwa mrushaji wa mpira wa kriketi, mwenye kasi kweli kweli. Timu moja kubwa ikaniona nikicheza bustanini, ikanichukua msimu mmoja wa majaribio katika kikosi chake cha pili. Nikifanya vizuri, napanda cha kwanza. Nikishindwa, basi. Baba, aliyebaki Kisumu na duka lake, akatangazia mtaa mzima.

Haukupita muda bega likaanza kuuma. Hata kuchana nywele nilishindwa! Shangazi, niliyekaa kwake mtaa wa Lozells, alinikanda kwa mafuta ya karafuu mpaka akachoka.

"Mwambie kocha, wewe! Hili si la kukanda."

Asubuhi kocha akaniuliza habari ya bega. Nikajibu, "Nzuri tu." Jamani, sikutaka kudanganya! Kwetu mtu hamwagi maradhi yake mlangoni. Unasema nzuri kwanza, mwenzio anauliza tena, ndipo unasema, "Nzuri, ila..." Nikasimama pale na "ila" yangu mdomoni, nangoja. Mzungu akanipa mpira, akaenda zake!

Ningemfuata. Badala yake nikaenda kurusha. Kesho yake akauliza tena vilevile, nikajibu vilevile, safari hii kwa woga mtupu.

Siku ya mechi niliinua mkono, kitu kikakatika ndani, mpira ukaangukia miguuni pangu. Daktari alilipapasa bega akauliza kwa nini sikusema. Msimu haukuisha nikaambiwa nikusanye vitu vyangu.

Sasa niko karakana moja ya sonara, mtaa wa Hockley, nasugua pete za maharusi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupandi kupita kifua. Nautazama tu, sina la kuufanya.

Enyi mnaokuja huku, nisikieni: hapa mtu huuliza mara moja. Semeni yote hapo hapo, hata kama mtaona haya!

Nawaambia ninyi, na hali juzi Baba kapiga simu.

"Habari za timu, mwanangu?"

"Nzuri, Baba."

Nikangoja aulize tena. Alikuwa amefurahi mno, hakuuliza.