Mchuzi wa Ng'amba

Udogoni mwangu nililelewa na bibi yangu mzaa mama, huko Shika Adabu, ng'ambo ya feri, kwa sababu mama alifanya kazi kiwandani Changamwe na kurudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Nyumba ya pili, tukitenganishwa na ua wa makuti, aliishi mama mdogo Riziki, kitinda mimba wa bibi. Aliolewa hapo na Salimu, wakakaa kwa mamake Salimu, Bi Mgeni. Walikuwa na mtoto mmoja, Zuhura, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Nilimpenda Zuhura kama mwanasesere wangu. Nikitoka shule nilipita kwao kwanza kabla ya kuvua sare.

Siku moja ya Ijumaa, baada ya swala, Salimu na nduguye walikuja na gunia linalovuja maji. Ng'amba alikuwa amenasa kwenye wavu wao. Kasa nilikuwa nimewahi kumwona, lakini ng'amba, yule mwenye mdomo kama wa kasuku na gamba la rangi ya asali, nilikuwa simjui. Walimchinjia uani, mlango umefungwa, maana hata wakati huo ilikuwa marufuku na mtu angeweza kulala ndani kwa ajili yake. Nyama ikagawiwa jirani kwa jirani, kimyakimya, kwenye sahani zilizofunikwa.

Bi Mgeni alimletea bibi sahani yake. Bibi hakuifungua. Aliibeba vilevile mpaka mlangoni kwa Bi Mgeni, mimi nyuma yake nimeshika kanga yake, na wanawake wengine wamekaa pale barazani wakichambua mchicha.

"Nakurudishia, Bi Mgeni, na uniwie radhi," bibi alisema. "Nyama hii ina wenyewe. Mamangu alinikataza, nami nakuomba msiile. Wenyewe hudai chao. Na mtu akiila akasalimika, ajue kuna aliyelipa badala yake."

Wanawake walicheka. Bi Mgeni naye alicheka, ila kwa adabu. "Hayo ya zamani, shoga yangu. Cha baharini ni cha baharini."

Tuliporudi kwetu bibi alinishika kidevu.

"Mwanasha!"

"Abee, bibi."

"Hata kulamba kidole sitaki. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Jioni ile alinituma kwa Bi Mgeni kuazima kifumbu cha kuchujia tui. Nilimkuta mama mdogo Riziki amekaa kwenye mkeka, Zuhura mapajani, na Bi Mgeni amemsimamia na bakuli la mchuzi unaofuka moshi.

"Kunywa, mwanangu," Bi Mgeni alikuwa akimbembeleza. "Kunywa maziwa yajae. Huyu mtoto anakufyonza mpaka mifupa."

Mama mdogo alisitasita, akanitazama, kisha akainamisha kichwa akanywa. Alipomaliza alijifuta midomo kwa ncha ya leso, akamgeuza Zuhura, akampa titi. Nakumbuka jinsi mtoto alivyokuwa akipigapiga kifua cha mamake kwa kiganja huku akinyonya, kama mtu anayebisha hodi.

Nilimwambia bibi nilichokiona. Alikwenda hadi kwenye ua wa makuti na kuita. "Riziki! Umekula?"

"Nimekunywa mchuzi tu, mama."

Bibi aligeuka. Alirudi jikoni akaendelea kupika, lakini usiku huo hakula.

Asubuhi tuliamshwa na kelele za Salimu. Alikuwa akisema mdomo unawaka moto, ulimi umechubuka, hawezi kumeza hata mate. Nduguye alitapika hadi akawa hana cha kutapika. Bi Mgeni alilala sakafuni, hajitambui vizuri. Nyumba nyingine mbili zilizopata nyama zilikuwa na wagonjwa pia. Waliobebeka walibebwa, wakavushwa kwa feri kwenda hospitali.

Mama mdogo Riziki hakuumwa hata na tumbo. Siku hiyo yote alikuwa mbio: kuteka maji, kuosha matapishi, kupika uji, kumgeuza mkwewe aliyekuwa mzito kumshinda, mpaka jioni naye alipopata wa kumbeba. Zuhura alikuwa amelala chumbani.

"Afadhali leo yuwalala," alimwambia bibi alipokuja kusaidia. "Angelia ningefanyaje?"

Mtoto alilala mchana kutwa. Alipoamshwa kunyonya alifumbua macho kidogo, akaliacha titi liteleze mdomoni, akayafumba tena. Kufikia jioni maziwa yalikuwa yameilowanisha kanga ya mama mdogo, naye alianza kuogopa. Siku iliyofuata, kulipokucha tu, yeye na bibi walimpeleka hospitali. Bibi alinisimulia baadaye kwamba daktari alikuwa kijana mpole, akauliza mtoto amekula nini.

"Hajala kitu," mama mdogo akamwambia. "Ananyonya tu, daktari. Wallahi hajala kitu kingine."

Walirudi alasiri. Mama mdogo alikuwa amembeba Zuhura begani kama kawaida, na mimi nikakimbia kumpokea. Bibi akanizuia kwa mkono.

Wagonjwa wengine wote walipona. Bi Mgeni alirudi kutoka hospitali matanga yakiwa yanakaribia kuanuliwa, amekonda, sauti imekauka. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini. Hakumpa mama mdogo pole. Alisimama mbele yake, ameshikilia ukuta.

"Sote tulikula, sote tuliumwa," alisema. "Wewe ulikula ukasimama. Hebu tuambie, Riziki, ulimtoa nani?"

Bibi aliruka kutoka alipokuwa amekaa. "Sikusema hivyo, Bi Mgeni! Usinitie maneno kinywani!"

"Ulisema. Tulikuwepo. Akisalimika mtu, kuna aliyelipa badala yake. Ni maneno yako haya."

Na kweli yalikuwa yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale mlangoni alipoyatamka. Bibi akarudi kukaa chini.

Salimu alikuwa mtu mwema, lakini mwepesi kusukumwa. Haukupita muda akatoa talaka, na mama mdogo akarudi kwetu na begi lake. Alikuwa bado na maziwa. Nilimwona mara nyingi nyuma ya choo, amejiinamia juu ya karai, akijikamua huku ameuma kitambaa. Kisha anayamwaga maziwa chini, na maji juu yake, ili weupe ule usionekane mchangani. Mitaani wanawake wenye watoto wachanga waliwafunika nyuso kwa nguo akipita. Harusini hakualikwa. Mtoto wa mtu akipata homa, alitazamwa yeye, ati ana agano na jini.

Jioni moja, tukiwa watatu jikoni, aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akipeta, "Mama, nawe waamini?"

Bibi aliweka mwiko chini. Nilidhani atalia, au atamkumbatia.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Mama mdogo aliendelea kupeta mpaka mchele ukaisha. Kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa ameondoka kwetu. Tulisikia yuko Miritini, anapikia madereva wa malori kando ya barabara. Alikuja siku ya maziko ya bibi, akakaa nyuma ya watu wote, akaondoka kabla ya chakula.

Watu wakiniuliza kwa nini nilichagua kusomea viumbe vya baharini chuo kikuu, huwa nasema nilizaliwa karibu na maji. Sivyo hasa. Nilitaka kumjua yule mnyama. Nilitaka mtu anieleze, kwa maneno yasiyo ya majini wala wenyewe, kilichotokea nyumbani kwa Bi Mgeni.

Nilielezwa, katika mwaka wangu wa tatu, asubuhi moja ya joto, darasani, na mhadhiri ambaye wala hakusita aliposema. Tulikuwa tunasoma habari za kasa. Alisema ng'amba hula sifongo za baharini zenye sumu, na kwamba mara nyingine nyama yake nayo huwa na sumu, mara nyingine haina, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama. Kuchemsha hakuiondoi. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Imewahi kuonekana mama hana dalili yoyote, na mtoto anayemnyonyesha akafa.

Niliomba ruhusa nikatoka. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi za maabara, na nilichokiona mbele yangu kilikuwa lile karai.

Nilikaa na jambo hilo muhula mzima. Nilikuwa nimepata kile ambacho kingemsafisha mama mdogo mbele ya kila mtu. Hakumtoa mtu kafara. Hakufanya agano na yeyote. Lakini kumweleza hivyo ni kumweleza pia kwamba kilichomuua Zuhura kilitoka kifuani mwake. Sikujua kipi kingekuwa kizito zaidi kwake. Mwishowe niliona si haki yangu kulijua jambo lake na yeye asilijue.

Nilimkuta Miritini kwenye kibanda chake, adhuhuri, akisukuma chapati. Nilimwamkia. Alinikumbatia kwa mikono yenye unga, akanikalisha, akanipa chai. Nikamweleza yote, polepole, kama nilivyojizoeza njiani. Hakunikatiza. Chapati iliyokuwa kwenye kikaango iliungua, na dereva mmoja aliyekuwa anasubiri akanyanyuka akaigeuza mwenyewe.

"Kwa hivyo ni maziwa yangu," alisema.

"Ni sumu ya ng'amba, mama mdogo. Hukujua. Hakuna aliyejua."

"Na jini?"

"Hakukuwa na jini."

Aliitazama barabara, malori yakipita na vumbi lake. "Miaka yote hii nimekuwa nikimlaani yule jini," alisema. "Kila swala. Nilimlaani hadi nikamzoea. Sasa nimlaani nani, Mwanasha?"

Nilisema Bi Mgeni, pengine, kwa vile ndiye aliyempa bakuli. Nilijutia maneno hayo mara tu yaliponitoka. Alitikisa kichwa. "Alitaka mjukuu wake ashibe," alisema, akarudi kwenye unga wake. Sikujua kama nimemtua mzigo au nimemwongezea. Niliporudi chuoni nilijiambia nimekosea kwenda.

Baada ya muda alinipigia simu. Ilikuwa alasiri, nami nilikuwa ufukweni na wanafunzi wenzangu tukipima majani ya baharini. Hakunisalimu.

"Vitabu vyenu vinasemaje," aliuliza, "mtoto alisikia maumivu?"

Waliokula nyama ile, mdomo na koo viliwawaka moto. Wangeweza kusema, nao walisema. Kuhusu wachanga nimesoma kwamba husinzia, usingizi ukawa mzito hadi wasiamke. Kabla ya usingizi huo wanahisi nini, hakuna aliyeandika, kwa sababu hakuna wa kumuuliza. Nilisimama pale, maji yamenifika magotini, simu nimeibana sikioni.

"Alilala, mama mdogo," nilisema. "Alisinzia tu, akalala."

Nilisikia anapumua. Kisha akasema, "Alhamdulillahi," mara mbili, akakata simu.

Siku hizi kazi yangu hunipeleka kwa wavuvi na wake zao kuzungumza nao juu ya kasa na ng'amba, na akina mama wanaonyonyesha ndio ninaoanza nao. Huko mara nyingi hutokea mzee akasema nyama ile ina wenyewe, na vijana niliofuatana nao hucheka. Mimi sicheki. Bibi aliniokoa kwa maneno hayohayo yaliyomzika mwanawe akiwa hai, na nikiyafikiria siwezi kuitenga nusu moja na nyingine. Ninachoweza ni kueleza ninachokijua, chote, mpaka kwenye maziwa, na pale ambapo elimu yangu inaishia, niseme kwamba inaishia hapo. Kwa mtu mmoja tu sikusema hivyo.