Sinia Lililorudi Limejaa

Mashoga zangu, leo nusura nirudishwe kwetu kwa sababu ya wali!

Mume wangu na rafiki zake wawili wameanza kunyanyua vyuma uani. Vyuma vyenyewe ni boriti yenye debe la saruji kila upande. Asubuhi akaniambia, "Leo pika mara mbili. Wenye misuli wanakula."

Haya. Mimi na mama mkwe tukatwanga mpunga mpaka adhuhuri. Mikono inawaka, tumbo linanguruma.

Nikapakua wali wote kwenye sinia lao, na papa wa Saadani juu. Si wanaume ndio wanaoanza?

Sinia likarudi limejaa. Wamegusa matonge mawili tu!

Hapa Bagamoyo mnajua maana yake: mpishi kaharibu.

Mama mkwe akanikazia macho. "Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu, mama."

Akaonja tonge. Akaonja la pili. La tatu hakulionja, alilimeza.

"Kaa ule, mwanangu."

Jamani, tulilifagia lile sinia!

Haikupita saa, mume wangu huyo mlangoni. "Mama, wali wetu uko wapi? Tulipotoka kwenye vyuma chakula kilikuwa hakipiti. Sasa njaa inatuua."

Mama mkwe hata hakuinuka. "Mpunga upo. Mchi ule pale. Wenye misuli wanatwanga."

Kinu kinalia uani sasa hivi, mashoga zangu, na mimi nimekaa.