Mayai Arobaini na Hesabu Yangu

Mume wangu aliniapia: vifaranga wakitoka, shimo la dhahabu basi. Alikuwa ameshaanza kukohoa vumbi la mawe, na mwezi ule kifusi kiliwafukia wawili kwenye shimo la jirani.

Akapiga sanduku la mbao, tukapanga mayai arobaini na kuweka taa ya chemli iyape joto. Maelekezo tulipewa na ndugu yake wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Yalitaka nyuzi mia moja za Farenhaiti, na kipimajoto nilichoazima shuleni kilikuwa cha Selsiasi.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili na historia, lakini mwalimu ni mwalimu. Nimwulize mwenzangu wa sayansi, kijana wa juzi tu? Nilikumbuka kuna tano, kuna tisa, kuna kutoa thelathini na mbili. Nikazidisha mia kwa tano, nikagawanya kwa tisa, kisha nikatoa. Ikaja ishirini na tatu na kitu. Nikaandika ishirini na nne, nikapigia mstari.

Mchana chumba chenyewe kilikuwa na joto hilo, nikawa naizima taa. Siku ya tano mume wangu akaingiza mkono sandukuni.

"Mwalimu, kuku akilalia mayai, chini yake kunakuwa moto. Haya mbona baridi?"

"Wewe uliishia darasa la ngapi?"

Akautoa mkono, akafunika sanduku. Mpaka leo naona aibu kuliandika jibu hilo.

Siku ya ishirini na moja hakikulia kitu. Siku ya ishirini na nne aliyapasua nyuma ya nyumba, moja moja, yote viza. Hakunifokea. Alisema tu hana mkono wa mifugo, riziki yake Mungu ameiweka chini ya ardhi. Akachukua tochi na kamba.

Alipoondoka nilirudia hesabu. Kutoa kwanza, ndipo kuzidisha, ndipo kugawanya: thelathini na saba nukta nane. Ningemwambia siku ile, pengine angejaribu tena. Alirudi mweupe kwa vumbi, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Sasa nimestaafu. Yeye kifua kinamkoroma kabla hajafika mlangoni, na bado anashuka shimoni. Majirani wakimshauri afuge, anacheka.

"Kuku walinikataa," anawaambia, nami namimina chai.