Nilivyojifanya Daktari wa Mifugo Ili Nisiulizwe Maswali ya Sheria

Siku niliyokwenda kutambulishwa ukweni, nilijikuta nimepiga magoti nyuma ya mbuzi.

Gauni jipya. Viatu vya kisigino. Ua mzima umejaa majirani, na mama mkwe mtarajiwa kasimama pembeni yangu, ananiambia kwa upole kabisa, "Sema mwanangu, usiogope. Baba wa mimba ni nani?"

Mbuzi akageuza shingo akanitazama. Hata yeye alionekana hajui.

Ngoja nieleze nilifikaje hapo, maana nikianzia katikati mtanicheka bure. Ingawa mtanicheka tu.

Mimi ni wakili. Wakili kamili, mwenye joho na kila kitu. Kazi yangu naipenda, na ukinikuta ofisini niulize lolote.

Tatizo ni nikitoka ofisini.

Ukishajulikana kuwa ni wakili, huna tena pa kupumzikia. Msusi kanishika nywele, ananiuliza, "Dada, mwenye nyumba akija kung'oa mlango wakati mimi niko ndani naoga, hiyo kisheria imekaaje?"

Daktari wa meno kaniwekea mashine mdomoni, anataka kujua matunda ya mti wa jirani yakidondokea upande wake ni ya nani. Nikamjibu, "Aaa, aaa, aaa." Akasema, "Nilijua tu! Ni yangu!"

Kwenye mazishi ya bibi yangu, jamani, bibi mzaa mama, mchimba kaburi alisimamisha koleo akanivuta pembeni. Nikadhani anataka kunipa pole. Kumbe wapi! "Dada, mtu akisaini karatasi huku anasinzia, ile saini inahesabika?"

Na wote wanaanza hivyohivyo: "Si mimi, ni rafiki yangu."

Huyo rafiki ana balaa! Kafukuzwa kwenye nyumba, kafumaniwa, kagonga ng'ombe wa watu, na bado kaapa hajui kuendesha gari. Siku nikikutana naye nitamfungulia faili lake peke yake.

Basi mchumba wangu aliponiambia mama yake anataka kuniona, nikamkalia kooni. "Mwambie mama nafanya kazi yoyote ile, mradi isiwe ya sheria. Nataka nikakae ukweni kwa amani, siku moja tu."

"Sasa nimwambie kazi gani?"

"Wewe ndiye unayemjua mama yako."

Akafikiri weee, halafu uso ukamng'aa. "Daktari wa mifugo! Mama ni fundi cherehani, hajawahi kufuga hata kifaranga. Hatakuwa na la kukuuliza."

Nikambusu kwenye paji la uso. Nikajiambia, haki ya nani, nimepata mwanaume mwenye akili.

Alichosahau mwenye akili wangu ni kwamba mama yake hajui kufurahi kidogo. Akifurahi, lazima atoke mbio afanye kitu.

Aliposikia anapata mkwe daktari wa mifugo, alitoka mbio akanunua mbuzi.

Hatukuambiwa. Tuliyakuta hukohuko.

Mama mkwe alitupokea getini: mama mfupi, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, pini zimepangwa kwenye ukosi wa blauzi. Akanikumbatia, pini ikanichoma, nikatabasamu hivyohivyo. Ukweni lazima ujikaze.

"Karibu mwanangu, karibu daktari! Chai baadaye. Twende kwanza nyuma, kuna kesi."

Kusikia neno kesi, nikataka kugeuza nirudi getini. Nikamtazama mchumba wangu. Naye alikuwa ananyanyua mabega kama mtu asiyehusika.

Huko nyuma ya nyumba nikakuta majirani wamekaa kwenye mabenchi. Katikati kafungwa mbuzi mmoja mweupe, tumbo hilo!

Mama mkwe akaeleza. Jirani yake, fundi seremala, alikuwa na beberu. Beberu kabomoa uzio, kaingia kumsalimia mbuzi wa mama. Sasa mbuzi tumbo limevimba, na seremala anadai kazi iliyofanyika pale ni ya beberu wake, kwa hiyo wakizaliwa watoto, nusu ni wake.

"Nampima kiuno kila asubuhi," mama akasema, anainua futi yake. "Na leo mimba imeruka ghafla! Nimewaambia wasubiri mkwe wangu aje athibitishe kitaalamu. Maana na yeye seremala kaleta mtu wake."

"Mtu wake nani, mama?"

"Mchumba wa binti yake. Wakili."

Wakili! Sisi mawakili tunajuana, tunapishana kila siku kwenye korido za mahakama. Nikainamisha uso, nikachungulia kwa jicho moja. Kijana mrefu, suti nzito, jasho linamtiririka. Sikuwahi kumwona maishani.

Cha ajabu, naye aliposikia mimi ni daktari wa mifugo, akarudi nyuma hatua moja.

"Kijana, anza!" seremala akamwamuru. "Mwaga sheria!"

Yule wakili akakohoa. "Kwanza kabisa, kwa niaba ya beberu, ninasimama hapa, na, kisheria, beberu ana haki zake. Haki za baba."

Watu wakapiga makofi.

Mimi pale najizuia nisiingilie. Mtoto wa mnyama ni wa mwenye mama yake! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua! Kesi ile ningeimaliza kwa sentensi moja tukanywe chai. Lakini ningesemaje? Pale mimi ni daktari wa mifugo bwana!

"Daktari, na wewe mpime," mama mkwe akasema, kifua mbele, anawatazama majirani zake mmoja mmoja.

Ndipo nikapiga magoti nyuma ya yule mbuzi, na mama akaniuliza lile swali la baba wa mimba.

Nikampapasa mgongo. Nikasema, "Mmh." Madaktari wote husema mmh. Nikamuuliza mama, "Amepata choo?" Kisha nikamshika mbuzi mguu wa mbele, karibu na kwato, nikatazama saa yangu.

Yule wakili akajifunika uso kwa viganja.

"Anaendelea vizuri," nikatangaza.

"Vizuri?!" wakili akapayuka. Kisha akajishika. "Namaanisha, kisheria, mbona kavimba ubavu wa kushoto tu? Na anasaga meno. Kwa mujibu wa sheria ya," akatazama juu, akatafuta, "sheria ya mbuzi, kifungu cha kwanza, hiyo ni dalili mbaya sana."

Uzalendo ukanishinda.

"Sheria ya mbuzi ndiyo nini? Hakuna sheria hiyo! Na hata ingekuwepo, kifungu hakitajwi hewani hivyo! Wewe umesomea wapi?"

"Na wewe umesomea wapi kumpima mbuzi mapigo kwenye kwato?"

Majirani wakatutazama kwa zamu, mimi na yeye.

Papo hapo mbuzi akayumba, akaanguka kwa ubavu, miguu imekakamaa.

"Mbuzi wangu!" mama mkwe akapiga kelele. "Daktari! Fanya kitu, mwanangu!"

Alipiga magoti pale chini, kamshika mbuzi kichwa, machozi yanamtoka kwelikweli. Mnyama yule alinunuliwa kwa ajili yangu. Kwa furaha ya kunipata mimi. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nikaogopa, maana kiumbe alikuwa anakufa pale huku sisi tunaigiza.

Nikamgeukia yule kijana. "Kaka, kama unajua kitu, sema sasa hivi. Mimi sijui lolote. Mimi ni wakili."

Akanitazama. Akavua koti la suti akalitupa kwenye uzio.

"Afadhali! Mimi ndiye daktari wa mifugo. Leteni mafuta ya kupikia, upesi! Huyu hana mimba, huyu kajaa gesi. Mama, amekula nini?"

"Mahindi tu," mama akasema kwa sauti ndogo. "Beseni. Mabeseni mawili. Nilitaka anenepe mgeni akija."

"Dada wakili, mnyanyue mbele! Mkumbatie! Kichwa kiwe juu!"

Nikamkumbatia mbuzi kifuani tukasimama wote wawili, yeye na mimi, mashavu yanagusana. Kijana akamimina mafuta taratibu pembeni ya mdomo, mengine yakaenda kooni, mengine kwenye gauni langu. Akaanza kumkanda ubavu wa kushoto, anakanda, anakanda.

Tukasubiri. Hata mabenchi hayakulia.

Halafu ikatoka.

Jamani. Nimewahi kusikia watu wakicheua, lakini ile ilikuwa kitu kingine. Ilianza chini kabisa, ikapanda, ikatoka usoni kwangu nzima nzima. Waliokuwa benchi la mbele walihamia la nyuma bila kuambiwa. Tumbo likashuka huku tunalitazama, na mbuzi akafungua macho, akalia "meee" kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Seremala, masikini, bado alikuwa hajaelewa. "Sasa, na watoto wangu?"

Mama mkwe akajifuta machozi. "Nusu yako ndiyo hiyo imetoka. Ifuate!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega. Hata seremala mwenyewe alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Yule kijana akanisogelea, anafuta mikono kwa nyasi. "Nisamehe dada. Nilichoka. Kila ninapokwenda ni 'kuku wangu anakohoa', 'paka wangu kanuna'. Kwenye harusi ya dada yangu walinitoa ukumbini nikamzalishe ng'ombe, nikiwa na nguo za harusi. Nikajiambia, ukweni nitasema ni wakili. Nani anamuuliza wakili maswali?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini mama mkwe alikuwa ameacha kucheka. Alinishika mkono, akaniingiza chumba chake cha kushonea, akafunga mlango. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, mimi nikabaki nimesimama na mafuta yangu.

Mchumba wangu? Kaingia mitini. Tangu mbuzi aanguke hakuna aliyemwona.

"Umenidanganya," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimewatangazia watu wote. Nimejisifu mpaka sauti ikakauka."

Nilimpenda mwanawe, na nilishaanza kumpenda na yeye, na vyote nilikuwa nimevitia mchanga kwa mikono yangu mwenyewe.

"Haya, sasa nakuuliza wewe kama wakili," akasema. "Mtu akiletewa mchumba wa mwanawe kwa maelezo ya uongo, akakubali, yale makubaliano yamesimama au yameanguka?"

Hapo ningeweza kumzungusha. Nimesomea kuzungusha. Ningemwambia inategemea, nikamtajia vifungu mpaka asahau alichouliza.

Nilimtazama machoni nikashindwa.

"Mama, kwa makubaliano ya kawaida, aliyedanganywa ndiye mwenye uamuzi. Akitaka kuvunja, anavunja. Akitaka yaendelee, yanaendelea. Aliyedanganya hana la kusema."

"Na aliyedanganywa hapa ni mimi."

"Ni wewe, mama."

Akazungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akaliacha lisimame lenyewe.

"Akiamua yaendelee, anaruhusiwa kuweka sharti?"

"Anaruhusiwa."

Akainuka akafungua dirisha. "Sharti langu lipo nje."

Nikachungulia. Habari zilishaenea mtaa mzima. Uani kulikuwa na foleni mbili. Moja mbele ya yule kijana, watu wameshika kuku, paka, na mmoja kabeba bata kwenye ndoo. Ya pili, ndefu kuliko hiyo, ilielekea kwenye kiti kitupu kibarazani.

"Kiti kile ni chako," mama akasema. "Kaa uwajibu mpaka wa mwisho, na usinune. Ukimaliza, chai ipo, na wewe ni mwanangu."

Nikakaa. Mmoja aliuliza kama talaka inaweza kutolewa kwa ujumbe wa simu, mwingine kama mpangaji anaweza kufukuzwa kwa sababu ya kukoroma. Bibi mmoja alitaka kujua kama anaweza kuandika wosia wa kumnyima mwanawe kitanda, lakini godoro ampe. Niliwajibu wote, na kusema kweli, nilianza kuona raha. Walikuwa wananisikiliza kuliko mahakimu wengi ninaowajua.

Jua likaanza kushuka. Wa mwisho kwenye foleni alikuja kainamisha kichwa.

Alikuwa mchumba wangu.

"Samahani wakili," akasema, haniangalii. "Mtu akimdanganya mama yake kwa ajili ya mchumba, halafu mambo yakiharibika akakimbia akajificha nyuma ya tangi la maji, anaruhusiwa kurudi ndani?"

"Hiyo kesi si ya kwangu," nikamwambia. "Kamuulize mwenye nyumba."

Kutoka dirishani sauti ya mama mkwe ikajibu kabla hajapiga hatua: "Aoshe vyombo kwanza!"

Aliviosha. Vyote. Na ndoa ilifungwa, kabla hamjauliza.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukiulizwa kazi yako, itaje. Kazi unayoijua itakuchosha, sikatai. Ila ile usiyoijua itakuumbua mbele ya wakwe, na huenda ikaua kiumbe wa watu huku unasema mmh.

Na ukiwa na swali la sheria, niulize tu hapo chini. Sema tu ni lako.