Jumapili za Kinanda

Kwaya nzima ilimwita Kinanda, na hata wateja wake walishasahau jina alilobatizwa nalo. Alikuwa fundi cherehani, mjane asiye na mtoto, futi ya kupimia shingoni kutwa nzima. Sauti yake ya kwanza ikipanda, waliosinzia kanisani walifumbua macho.

Halafu akaacha kuja. Watu wakadhani ni mafua. Zikapita Jumapili kadhaa, maneno yakaanza.

"Amepoa," mmoja akasema.

"Amepata mwanamume," mwingine akatia chumvi.

Mteja mmoja alipomchokonoa, Kinanda alitoa pini mdomoni akamjibu, "Niko na Mungu wangu, usihofu. Haya, inua mkono nikupime."

Ukweli ulikuwa huu. Mumewe alipofariki, kaburi likiwa bado bichi, mama mkwe alimtupia begi nje na kumwita mkosi. Mama huyo alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, kilemba wima, ulimi mkali. Sasa kiharusi kilikuwa kimemwangusha. Upande mmoja haufanyi kazi, mdomo umepinda, haja zote anamalizia kitandani. Kanisani ikasemwa amesafiri. Binti yake, muuguzi, alikuwa na dada wa kazi wa kumsaidia nyumbani, lakini Jumapili dada hupumzika, na zamu ya hospitali haikuhamishika.

"Wifi, sina mwingine," binti alimwambia Kinanda, machozi yakimlengalenga. "Na mama ameniapisha. Mtu wa kanisani asimwone akiwa hivi."

"Mimi je, si wa kanisani?"

"Wewe alishakufukuza. Anasema kwako hana tena heshima ya kupoteza."

Kinanda alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi ninafaa. Nitakuja, na sitamwambia mtu."

Siku ya kwanza mama mkwe aligeukia ukuta. Kinanda akakamua kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akamsafisha, akampaka mafuta mgongoni palipoanza kuchubuka. Hasira alikuwa nayo, tena ya kutosha. Aliimalizia kwenye mashuka uani, akiyasugua na kuomba, "Bwana, uliosha hata miguu ya aliyekuuza. Mimi nipe mikono tu, moyo utafuata." Na moyo ukafuata, kwa mwendo wake wenyewe. Siku moja alijikuta akimchana mzee nywele bila kuombwa, na mzee akafumba macho kama mtoto.

Jumapili moja ibada imekwisha, mwalimu wa kwaya alipita njia ile akamwona akianika mashuka. Akaja mpaka mlangoni.

"Hii si nyumba ya mama kiongozi? Si amesafiri? Unafanya nini hapa?"

"Ninafua, mwalimu."

"Nafasi yako nimeshampa dada mwingine wa sauti ya kwanza."

"Umefanya vizuri. Yule dada ana pumzi."

"Wanasema umemwacha Yesu, na wewe huna la kujibu?"

"Waache waseme," alisema Kinanda, akiziba mlango kwa mwili wake, mikono ikichuruzika maji. "Yesu anajua nilipo."

Ndipo sauti nzito, iliyokwaruza, ikatoka ndani. "Mwache aingie."

"Mama, si lazima," Kinanda akageuka. "Ulisema..."

"Nimesema aingie!"

Mwalimu akaingia, akamkuta mama yule kichwa wazi, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Mzee hakujifunika.

"Nitazame vizuri," alisema, kila neno likimgharimu. "Huyu ndiye niliyemtupia begi. Ananiosha. Na mnamsema kwa sababu alinifichia aibu yangu. Nenda ukawaambie."

Mwalimu akavua koti na kuuliza maji yanachotwa wapi.

Tangu siku hiyo akina mama walishika zamu. Kinanda alirudi kwenye kwaya, safari hii mstari wa nyuma, akamwachia yule dada nafasi ya mbele na kumfundisha pa kuvutia pumzi. Lakini zamu za wengine hazikumzuia kupita kwa mama mkwe kila akitoka ibadani, maana mzee alidai wengine wanampa uji kama wanaziba ufa.

Neno "nisamehe" mzee hakulitamka. Ila alipopelekwa hospitali, Kinanda akiwa amemshika mkono, daktari akauliza huyu ni nani.

"Binti yangu mkubwa," alijibu, kisha akamnyooshea kidole binti yake muuguzi. "Yule ni mdogo wake."