Ukucha wa Fundi

Meneja alimsingizia mama mfagizi mbele ya ofisi nzima kwamba dekio lake lilinasa waya wa diski na kuzima kompyuta kuu, akamnyang'anya ufunguo wa chumba cha mashine. Miaka kumi na minne aliyodeki humo, aliyejali jasho lake ni fundi wa kompyuta peke yake, yule anayetembea kwa visigino ili asichafue sakafu mbichi. Fundi ana ukucha mmoja mrefu wa kidole gumba, wa kukwangulia vumbi kwenye meno ya plagi, na akichomeka diski huinong'oneza, “Taratibu, mwanangu, ingia,” kama anayemlaza mtoto mchanga. Zamani alihangaika na nyaya bapa za diski, pana kama mkanda wa suruali. Zikaja nyembamba kama kamba za viatu. Mama alizikwepa zote kwa dekio lake.

Siku ile fundi alimwita meneja na ofisi nzima, akafungua mashine, akalipitisha dekio la mama mbele ya mashine hiyo huku na huku. “Bosi, nionyeshe huo waya. Diski za sasa zinachomekwa moja kwa moja kwenye ubao, kama ufunguo kwenye kitasa. Hii imeungua yenyewe. Nyaya unazozisema nilizing'oa mwaka juzi, mama akanisaidia kuzibeba.”

“Mbili zinafungia banda langu la kuku,” mama akasema.

Watu wakacheka, meneja akakohoa. Ufunguo fundi aliuchukua kwa meneja akamrudishia mama, kutu yake ameikwangua kwa ukucha. Samahani, mbele ya watu walewale, meneja hajaiomba mpaka leo.