Niliwashindanisha kina mama wanaochambua kahawa Mbinga, aliyeshinda ndiye aliyeumia

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachowaandikia nilikifanya mwenyewe. Kuna sehemu hazinipendezi, ila nitaziacha zilivyo, maana nikianza kuzipamba hakutakuwa na maana ya kuandika.

Mimi ni mtu wa Lipingo, kule ziwani. Nilimaliza form four nikaondoka, na tangu hapo sijatulia. Nimekata miwa, nimelinda maghala, nimechimba mawe Tunduru, nimebeba mbao. Sehemu niliyokaa muda mrefu kuliko zote ni misimu miwili.

Ukishapita miaka arobaini unaanza kuchoka kujitambulisha upya kila mahali. Unakumbuka nyumbani, lakini ukifika nyumbani siku ya tatu miguu inawasha.

Basi mwaka juzi nikapata kazi kwenye kinu kimoja cha kumenya kahawa, vijijini Mbinga. Supavaiza wa vichanja. Meneja aliniambia wazi: msimu ukiisha vizuri, nakuajiri moja kwa moja.

Wakuu, niliitaka ile kazi. Kuna baridi tamu asubuhi, kuna chumba chenye dirisha linaloangalia mlima. Nikajisemea hapa ndipo nakaa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: kahawa ikishamenywa na kuoshwa inaanikwa juu ya vichanja vya waya. Kina mama wanasimama pembeni, wanatoa punje mbovu kwa mkono. Zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Ukichelewa kuchambua, kahawa inapoteza daraja.

Nilikuta kina mama kumi na wawili. Wanasimama wanne wanne kwenye kichanja kimoja. Wanapiga stori, wanaimba nyimbo za kwaya, na wanne wa kwanza wakimaliza wanahamia kuwasaidia wengine. Hakuna anayekaa mpaka wote wamalize.

Mimi niliona uzembe mtupu.

Kwenye miwa kila mtu alikuwa na mstari wake. Ukilala, mstari unakuumbua. Nikachukua akili ya huko nikaileta mlimani.

Nikampa kila mama kichanja chake, nikakipa namba. Nikaweka ubao wa majina. Nikapiga marufuku kusaidiana, ili nijue nani ni nani. Na kila Jumamosi mshindi anapata kitenge kipya, mbele ya wote.

Wiki ya kwanza akashinda Mama Tekla. Mjane, mtu wa makamo, mpole, ana vidole vyepesi sijawahi kuona. Wiki ya pili akashinda tena. Alipokea kile kitenge kwa mikono miwili huku anaangalia chini. Nikadhani ni aibu ya furaha.

Kazi ilienda mbio kweli, nisidanganye. Meneja alikuja akauona ubao akaupiga picha. "Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta," akasema. Siku hiyo nilitembea kama nimeshaajiriwa.

Kitu kimoja tu nilikiona nikakipuuza. Nyimbo zilikuwa zimekwisha.

Wiki ya tatu kichanja cha Mama Tekla kikawa cha mwisho. Punje mbovu zimejaa, hata mtoto angeziona. Nikamsema mbele ya wenzake, kwa sauti. Nikamwambia sifa zimempanda kichwani. Jumatatu yake hakuja.

Nikamuuliza Mama Kolumba, ndiye mkubwa wao kwa umri na kwa mdomo.

"Shikamoo mama. Mwenzenu yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko shambani kwake, anachuma."

"Na nani?"

"Si ana vitenge viwili? Vimsaidie kuchuma."

Wenzake wakacheka, ila ni kile kicheko ambacho mtu hanyanyui macho.

Jioni mapema nikachukua bodaboda mpaka kwake. Wakuu, nilikuta mahali panatia huruma. Miti ya kahawa imeiva, mingine imepitiliza, matunda meusi yamekauka mtini. Na mtu mmoja tu katikati, na ndoo yake.

Nikamuuliza wenzake wako wapi, akanieleza, ndipo nikaelewa. Wale kina mama ni kikundi kimoja cha ngokela. Leo mnachuma kwangu, keshokutwa kwako, mpaka kila mmoja afikiwe. Kwenye ngokela yao, ukimaliza sehemu yako unaingia ya mwenzako. Ukimaliza ukakaa, umejitoa. Na Mama Tekla alikuwa amemaliza akakaa, wiki mbili, mbele ya macho yao.

Zamu yake ilipofika hakuja mtu.

Nikamuuliza, "Sasa wiki ile mbona uliharibu kazi?"

"Sikuharibu, kaka. Nilikuwa natafuta kushindwa. Nilidhani nikishindwa watarudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaendelea kuchuma. "Ulikuwa unafurahi sana."

Nikapanda bodaboda nikarudi.

Asubuhi nikang'oa namba, nikashusha ubao, nikawaambia simameni kama zamani. Nikidhani nimemaliza. Mama Kolumba akanitazama kama ananionea huruma.

"Mwanangu, namba umetoa kwenye vichanja. Kwenye vichwa bado zipo. Sisi tunajua Tekla alikaa. Nani amesema kwa nini alikaa?"

"Si mlisikia nilipokataza kusaidiana?"

"Ulitukataza wote. Wengine tulipenyeza mkono ukigeuka. Yeye hakupenyeza."

Hapo nikaona tatizo lote. Yule mama alinitii mimi, na utii wake ndio uliomtenga.

Nilizunguka na hilo siku mbili. Supavaiza kusimama mbele ya vibarua kusema amekosa, nilikuwa sijawahi kuona kokote nilikopita. Alhamisi saa ya chakula nikasimama. Nikasema Mama Tekla wiki ya kwanza alikuja kuniomba awasaidie wenzake, nikamfukuza arudi kwenye namba yake. Na kweli alikuja. Nilikuwa nimesahau mpaka wakati ninaongea.

Mtu mmoja akaendelea kutafuna.

Mama Kolumba akafuta mikono kwenye khanga. "Basi kesho kwa Tekla. Na wewe uje, usitutume."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya kazi. Kahawa ya vichanjani ilikuwa imefunikwa, ingeweza kungoja mpaka mchana. Nikaenda.

Mimi mtoto wa ziwani sijui kuchuma kahawa. Nilichuma mbichi na mbivu pamoja.

"Supavaiza yuko namba ngapi leo?" mmoja akauliza.

"Wa kumi na tatu, na tuko kumi na tatu," akajibu mwingine.

"Mpeni kitenge."

Mama Tekla akacheka. Hakunisemesha asubuhi nzima, lakini alicheka.

Tuliokoa zaidi ya nusu ya shamba. Matunda ya upande wa chini yalikuwa yamekauka mtini, hayakufaa tena kupelekwa kinuni. Hilo ni langu, sina wa kumsukumia. Wakati wa kuondoka Mama Kolumba akasema, "Ijumaa ijayo kwa Sabina. Usichelewe." Alisema na mimi, kama anavyosema na wenzake.

Jumatatu meneja alikuwa ameshasikia. Aliuliza ubao uko wapi, na supavaiza gani anaacha kituo akamchumie kibarua. Nikajaribu kueleza. Akasema watu bila kushindanishwa wanalala. Nikasema hawa hawalali. Akaniambia nimalizie wiki, kazi ya kudumu anampa mtu mwingine.

Wakuu, sasa ndipo penye jambo lenyewe.

Alhamisi nilipanda basi la asubuhi kwenda Songea. Sikungoja Ijumaa. Sikuaga. Nilizoea hivyo, kazi ikiisha naondoka. Tumefika katikati ya njia ndipo nikakumbuka shamba la Sabina, na kwamba walikuwa wamenihesabu.

Nilichojifunza ni kwamba nilitumia nguvu nyingi kutafuta nini kitawafanya kina mama wale wafanye kazi haraka. Sikuwahi kuuliza nini kinawafanya waje kila asubuhi. Walikuwa wanakuja kwa sababu ya wenzao, na mimi nikawatenganisha nao kwa kitenge.

Nikajiuliza na mimi nini huwa kinaniondoa kila mahali. Nadhani nilizoea kutafuta mtu wa kuniona. Bosi akinisifu natulia mwezi, akinyamaza naondoka. Siku moja tu watu walinitegemea nije, hawakunisifu hata kidogo, na hao ndio niliowakimbia.

Imepita miaka miwili, na naandika haya nikiwa stendi ya Mbinga. Nimeshuka asubuhi. Kahawa imeanza kuiva na sina kazi ninayoendea. Mwenye bodaboda ameniuliza mara mbili naelekea wapi.

Mliowahi kuongoza watu, au kuongozwa vibaya, niambieni: mtu aliyeondoka bila kuaga anarudi vipi? Matusi pia nasoma, ila jibuni mapema kidogo.